Tela la Baba na Rangi Nyekundu

Wiki iliyopita mwenye nyumba wangu hapa Mtoni alileta fundi kupaka geti rangi. Mie nilikuwa chumbani napiga pasi nguo za kazini. Upepo ukaingiza dirishani harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na tina, ile harufu kali inayong'ang'ania kooni, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshachomoa pasi ukutani na kukaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kitandani. Mwanangu akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia ni harufu tu, itapita. Fundi yule alikuwa anapaka geti rangi ya kijani. Lakini pua haijui kijani wala nyekundu. Ilinirudisha Kibamba, nikiwa na miaka tisa, kwenye ua wetu wa michongoma, mbele ya tela la baba.

Baba alikuwa mtu wa Singida, mrefu, mpole, mzito wa kuongea. Alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja, na kiwanda kilipofungwa alinunua pikipiki kwa kile kidogo alichopewa. Alijaribu kubeba abiria akashindwa, kwa sababu hakuweza kugombania watu kituoni; akiona mwenzake amemkimbilia mteja, yeye anarudi nyuma. Ndipo akapata wazo la tela. Alilichora mwenyewe nyuma ya kalenda ya zamani, akaenda kwa fundi wa kuchomelea, wakakaa siku tatu wanakata mabomba ya chuma na kuyaunga. Likawa na magurudumu mawili yaliyotoka kwenye bajaji iliyokufa, sakafu ya mbao, kingo zinazofika kiunoni kwangu, na mbele yake sanduku dogo la kuwekea spana. Liliunganishwa na pikipiki kwa pini nene kama kidole gumba cha baba, na chini ya pini kukapitishwa mnyororo, ili pini ikichomoka tela lisimkimbie.

Nyie mliokulia pembezoni mwa jiji miaka ile ile na mie mtakumbuka mitaa yetu ilivyokuwa. Lami iliishia barabara kuu, na kutoka pale hadi nyumbani ilikuwa mchanga, makorongo na miteremko ambayo lori halikubali kuingia. Huko ndiko tela la baba lilikopata kazi. Alibeba saruji, mabati, madumu ya maji, viti vya harusi, na siku moja mbuzi watano waliofungwa miguu, wakawa wanalia njia nzima mpaka watu wakatoka nje kuangalia kuna nini. Siku za Jumamosi nilipanda naye. Alinifundisha kupanga mzigo kabla sijajua kugawanya kwa njia ndefu. "Kizito kiwe mbele, mama," aliniambia, maana nilipewa jina la mama yake na hakuwahi kuniita vingine. "Ukikiweka nyuma, tela linainua tairi la pikipiki, sie tunabaki tunaelea." Kwenye mpando wa mchanga, mlio wa injini ulikuwa mzito, baba akinyanyuka kidogo kwenye siti, mie nikiruka chini kusukuma. Sidhani kama nilisaidia kitu. Lakini tulipofika juu alikuwa anageuka na kusema, "Bila wewe leo tungelala hapa."

Kisha wakaja wapimaji. Walikuja na gari, wamevaa vizibao vya njano, wakasimamisha kifaa chao cha miguu mitatu kando ya barabara, mkabala na kibanda cha chipsi cha Chande. Baba alikuwa anapita na mzigo wa saruji, mmoja wao akamwomba amshikie ncha ya futi kamba. Akazima pikipiki, akashika. Alisimama juani muda mrefu, wanamwambia sogea huku, sogea kule, naye anasogea. Mie nilikuwa natoka shule na rafiki yangu Saada, binti wa Ami Abeid, yule mwenye duka kubwa la kona. Saada akaniuliza, "Baba yako siku hizi anafanya kazi serikalini?" Nikasema ndiyo. Sikuwa na sababu ya kudanganya. Ni vile tu ilivyokuwa raha kumwona baba amesimama na watu wenye vizibao.

Jioni alimwambia mama, aliyekuwa kwenye cherehani yake barazani, "Nimewauliza mstari utapita wapi. Wanasema wao wanapima tu."

"Sie tumo?"

"Sie tuko juu kidogo. Nadhani hatumo."

Mama aliendelea kuzungusha gurudumu la cherehani, lakini niliona hakuwa ameweka kitambaa.

Baada ya wiki chache zikaanza alama. Alama ya X, nyekundu, ndefu kama mie nilivyokuwa, kwenye ukuta wa mbele wa kila nyumba iliyo karibu na barabara. Hatukuwahi kumwona anayeziweka. Unakwenda shule ukuta ni mweupe, unarudi ukuta una X. Watu wazima walisema barabara inapanuliwa, na mie neno hilo nililielewa nilivyoweza: nilidhani barabara itavimba yenyewe polepole, kama mkate kwenye jiko, na kusukuma nyumba pembeni. Sikuona kwa nini mtu ahame mapema hivyo.

Lakini walihama, na aliyewahamisha ni baba. Sasa tela halikubeba tena saruji. Lilibeba makabati, magodoro, masufuria yaliyofungwa kwenye shuka, milango iliyong'olewa na bawaba zake. Nikiwa juu ya godoro la watu, niliona mambo ambayo mpaka leo sijui nimweleze nani. Niliona mwanamke akifunga kwa ufunguo mlango wa nyumba ambayo haikuwa na madirisha tena. Niliona mwanaume akikaa chini katikati ya sebule tupu, baba akamsubiri nje bila kumharakisha mpaka alipotoka mwenyewe. Tuliwapeleka ndani huko, Kwembe na kwingine, kwenye viwanja vya majani vyenye pagale lisilo na paa. Baba alishusha mzigo, akawafungia turubai, akakataa kunywa hata maji. Njiani kurudi tela tupu lilikuwa linarukaruka nyuma yetu na kupiga kelele kuliko lilipojaa.

Shuleni madawati yakaanza kupungukiwa watu. Watoto ndio waliolisema kwanza: "Tela la baba yake Scola likisimama kwenu, ujue mnahama." Walisema kwa mzaha. Mie, Scola mwenyewe, sikucheka. Nililiona lile jambo kwa mpangilio wangu: inakuja alama, anakuja baba, watu wanatoweka. Na kwa sababu anayeweka alama haonekani na baba anaonekana, alama na baba vikaanza kusogeleana kichwani mwangu.

Jumapili moja baba alirudi akiwa amepauka uso. Lori lilikuwa limemfuata barabara kuu wakati giza linaanza kuingia, dereva hakuliona tela mpaka alipofika karibu kabisa. Siku iliyofuata akanunua rangi nyekundu ya mafuta, akapaka bodi lote la nyuma ya tela, tabaka mbili. Iliyobaki aliifunika kwenye kopo la maziwa ya unga, akaiweka ndani ya sanduku la spana pamoja na brashi. Aliitumia pia kwa kazi nyingine. Siku akibeba vitu vya familia mbili kwa safari moja, aliweka alama nyuma ya makabati na chini ya vitanda ili visichanganyike: familia moja anawawekea mstari, nyingine anawawekea X.

Haya yote nimekuja kuyajua baadaye. Nilichokiona wakati ule ni hiki. Asubuhi moja nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kandambili yangu, nikamkuta baba amechuchumaa mbele ya kabati la watu, kopo liko kando, anavuta brashi kutoka juu kwenda chini, kisha anavuka. X. Ile ile. Hakuniona. Nilirudi nyuma taratibu, nikaenda kukaa chooni mpaka mama aliponiita. Kucha za baba zilikuwa nyekundu siku hiyo, na alipokuwa akinikatia mkate nilitazama kucha zile tu.

Sikumchukia. Hilo nataka lieleweke. Mtoto anaweza kuamini jambo baya kabisa kuhusu baba yake na bado akamkimbilia akisikia pikipiki inaingia uani. Nilidhani ni kazi aliyopewa na wale wenye vizibao, siku ile walipomshikisha futi kamba. Nilidhani anachagua nyumba. Nilidhani yetu haina alama kwa sababu hawezi kujiwekea mwenyewe.

Halafu wapimaji wakarudi, wakasema mstari wa kwanza ulikosewa, na siku ya pili yake nilimkuta Saada amekaa kwenye ngazi za duka lao ana kwikwi ya kilio. Nyuma yake, kwenye ukuta wa duka, kati ya mlango na dirisha, ilikuwepo. Ami Abeid alikuwa ndani anapima sukari kama kawaida. Duka lile lilikuwa la babu yake Saada kabla halijawa la baba yake; nyumba yao ilikuwa juu yake na nyuma yake, na mama yake alizalia watoto wote chumba kile kimoja cha uani.

"Tutakwenda wapi?" Saada akaniuliza. "Sie hatuna kwetu kwingine."

Nilikaa pembeni yake, nikamshika mkono. Na nilisema nilichosema kwa upendo. Kwa Mungu nilisema kwa upendo.

"Usilie. Nitamwomba baba aifute. Yeye ndiye anayeziweka."

Saada alinyamaza ghafla. "Baba yako?"

"Nimemwona. Ana kopo. Mie nikimwomba atakubali."

Saada akajifuta machozi kwa gauni. Aliniamini kabisa, na mie nilikwenda nyumbani najihisi mkubwa, mtu mwenye uwezo wa kuokoa duka zima.

Jioni ile baba alikaa barazani akisafisha mnyororo wa pikipiki kwa tambara. Nilisimama mbele yake mara tatu. Mara ya tatu akainua uso. "Vipi, mama? Una njaa?" Nikasema sina njaa. "Basi nishikie taa hapa." Nikashika taa. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nimeipanga njia nzima, lakini kila nilipofungua mdomo ulimi ulikuwa mzito. Alimaliza kazi, akanipapasa kichwa kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na grisi. Nikajiambia kesho. Kesho yake nikajiambia tena kesho.

Saada, yeye, hakungoja. Alimwona mama yake analia nyuma ya kaunta, akataka kumfariji kama mie nilivyomfariji yeye. "Umi, usilie. Baba yake Scola ataifuta, yeye ndiye anayeziweka, Scola kamwona." Alisema hivyo saa ya watu kununua mafuta ya taa na unga. Duka lilikuwa limejaa.

Jumamosi tulikwenda kumhamisha Mama Eliya, mjane aliyekuwa akifundisha watoto wa chekechea kwenye chumba chake cha mbele. Ilikuwa kama saa tisa alasiri. Tulikuwa tumeshapakia kitanda, kabati, magodoro mawili na vibao vya kuandikia, na mie nimekaa juu. Baba alikuwa anakaza kamba ya mwisho Chande alipotokea, na nyuma yake watu, labda kumi na tano, labda zaidi. Wengi niliwajua. Chande alikuwaga ananifungia mabaki ya chipsi kwenye karatasi kila nikipita.

"Baba Scola, zima kwanza pikipiki."

Baba akazima. "Kuna nini, Chande?"

"Eti wewe ndo unatuwekeaga zile X?"

Baba akacheka. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo, na siku zote nimewaza kwamba angenyamaza tu, labda. "X gani tena, jamani?"

"Usijifanye. Wapimaji unawashikia kamba, halafu unakuja na tela lako unatubeba. Nyumba yako yenyewe haina alama. Unatuonaje sie?"

"Nimewashikia kamba mara moja, mbele yako wewe. Nani amewaambia mambo haya?"

"Mwanao."

Baba aligeuka, akanitazama kule juu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoitambua.

"Scola," Chande akasema, kwa upole kabisa, "si ulisema wewe? Sema. Hakuna atakayekupiga."

Ningeweza kusema sikusema. Ningeweza kulia. Nilichofanya ni kutazama mikono ya baba iliyoshika kamba, pale kwenye kucha ambapo wekundu ulikuwa bado haujatoka, na watu wote wakafuata macho yangu wakatazama walipotazama.

Kijana mmoja akafungua sanduku la spana. Akainua kopo.

"Hiyo ni ya tela," baba akasema. "Tazameni nyuma ya tela. Lori lilitaka kuniua."

Mama Eliya alikuwa amesimama mlangoni na kanga kifuani. "Jamani, huyu ananisaidia! Muacheni, huyu ananisaidia!"

"Muacheni mtoto kwanza," baba akasema. "Mshusheni mtoto."

Walimsikiliza kwa hilo. Chande mwenyewe alinibeba, akanishusha, akaniweka kando ya ukuta. Kisha walishusha vitu vya Mama Eliya, kimoja kimoja, kwa adabu, wakavipanga chini ya dirisha. Hata chungu hakikupata ufa. Kila nikikumbuka ni hilo linalonitisha kuliko yote. Walikuwa watu wenye akili timamu. Walijua mzigo ni wa mjane.

Ndipo wakamgeukia baba.

Sitaeleza yote. Nilikuwa nimebanwa kifuani mwa Mama Eliya na nilisikia zaidi kuliko nilivyoona. Nilisikia pikipiki ikianguka. Nilisikia mawe, na mlio wa mawe yakigonga bodi la mbao ni tofauti na mlio mwingine niliousikia. Nilisikia baba akisema, "Jamani, jamani," kwa sauti ya kawaida, kama anayewaomba wapunguze kelele. Kisha harufu ya petroli, kisha moshi mweusi wa matairi, na rangi ya nyuma ya tela ikaanza kutoka malengelenge na kunuka. Pua yangu ndipo ilipojifunza.

Aliyewazuia ni Ami Abeid. Alitoka mbio kutoka dukani, kofia imedondoka, mtu mnene asiyezoea kukimbia, akapita katikati yao na kusimama juu ya baba, mguu mmoja huku, mwingine huku. "Mnaua mtu! Mnaua mtu mchana kweupe, kwa neno la watoto! Nipigeni na mie basi!" Hakuna aliyempiga. Walisogea nyuma mmoja mmoja, wakaanza kuondoka kama watu waliokumbuka kazi nyumbani. Ami Abeid akaleta kirikuu chake cha kubebea bidhaa za duka, wakamlaza baba kati ya maboksi ya sabuni, wakampeleka hospitali. Saada alikuwa amesimama kwenye ngazi za duka, mbele ya ile alama. Tulitazamana. Hatukusemezana siku ile, wala hatukuja kusemezana tena.

Baba alilala wodini wiki tatu. Taya lilipona. Mkono wa kulia ulivunjika sehemu tatu, ukaunga vibaya, vidole viwili havikukunjika tena, na mkono wa kulia ndio wa kuvutia mafuta, kwa hiyo hata kama pikipiki isingeungua asingeendesha tena. Walipoulizwa nani alifanya, mtaa mzima haukuwa umeona kitu. Mama alitaka tuondoke kabla baba hajatoka hospitali. Ami Abeid alituhamisha kwa kirikuu kile kile mpaka Chanika, kwenye kipande cha shamba cha mjomba, safari mbili, na mara ya pili alikaa kwenye usukani kidogo kabla ya kuwasha. "Shemeji," akamwambia mama, "mnisamehe. Neno lilitokea dukani kwangu." Mama akamwambia yeye hana kosa. Mie nilikuwa nimeshika cherehani isianguke.

Mashine zilipopita mwaka uliofuata, duka la kona lilikwenda, kibanda cha Chande kilikwenda, na nyumba yetu ikabaki imesimama peke yake juu ya barabara mpya, tupu, bila alama.

Kule Chanika tulilima. Mchicha, matembele, bamia. Mama alishona sare za shule chini ya upenu. Na mara kwa mara, hasa jioni, baba akishindwa kufunga kifungo au akidondosha kijiko, mama alikuwa anasema, "Aliyezusha yale maneno, Mungu anamwona. Asione raha duniani. Aanguke kama alivyotuangusha." Alikuwa hajui; wa mtaani hawakumsemesha tena baada ya siku ile. Baba alimwambia ni watu tu wamezusha, na Ami Abeid alisema neno limetokea dukani, akaishia hapo. Nilikuwa nakaa mkekani, sahani moja nao, mama ananiapiza na ananisogezea kipande cha samaki kwa wakati mmoja. Baba anasema, "Acha, mama Scola. Yameshapita." Mie nikawa namaliza chakula changu chote, kwa sababu nikikiacha nitaulizwa kwa nini.

Miaka sita nilikaa hivyo. Nilikuwa kidato cha pili siku niliyoshindwa. Jana yake mama alikuwa ameongeza jambo jipya kwenye lile apizo lake, kwamba aliyezusha asijaliwe mtoto, au akijaliwa mtoto huyo amgeuke. Sikulala. Asubuhi nilimkuta baba anamwagilia matuta ya mchicha, amepachika mpini wa keni kwenye mkono wa kushoto, ule wa kulia ukisaidia kuinamisha tu. Nikamfuata kwenye mfereji mpaka mwisho wa tuta la pili.

"Baba."

"Naam, mama."

"Yule ambaye mama anamwapiza. Ni mie. Mie ndiye niliyemwambia Saada."

Maji hayakukatika. "Najua," akasema. "Nilikuwepo."

"Mbona hujamwambia mama?"

"Angekuangaliaje akijua? Ulikuwa na miaka tisa. Wale waliobeba mawe walikuwa na ndevu." Akahamia tuta la tatu, nami nikahama naye. "Nitamwambia aache kuapiza. Nitatafuta namna. Wewe soma."

Nikavuta pumzi. Niseme ukweli, nilihisi mwepesi. Nilidhani imekwisha, imekuwa rahisi hivyo, miaka yote ile nilikuwa nakiogopa kitu chenye maneno machache namna hii. Tulimaliza tuta la tatu, la nne, mpaka la mwisho. Baba akatua keni chini, akasimama akinyoosha mgongo, akiangalia upande wa barabara ya Chanika ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia.

"Ila kuna kitu kimoja," akasema, "huwa najiuliza nikikaa peke yangu. Ulikuwa unapanda nami kila Jumamosi. Ulikuwa unanishikia taa. Ulipoiona ile rangi, mbona hukuniuliza mie?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba nilikuwa mdogo. Kwamba nilisahau. Kwamba nilijaribu mara tatu ulimi ukawa mzito. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililokuwa jibu, naye alikuwa ananingoja kwa uvumilivu ule ule aliomngojea yule mwanaume wa kwenye sebule tupu.

"Niliogopa ungesema ndiyo," nikamwambia.

Baba alinitazama, kisha akatazama ule mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena chini. Akainama, akachota maji kwenye pipa, akaenda mpaka kwenye tuta la kwanza kabisa, ambalo bado lilikuwa limelowa, akaanza kulimwagilia upya.